Msemaji Hajisemei

Mtu ninayetaka kumweleza ana sheria moja anayoirudia mpaka imekuwa kama kikohozi chake: usianze na babu yako. Kijana huketi mbele yake kujiandaa kwa usaili wa kazi, huambiwa ajieleze, naye huanza kwamba yeye ni wa ukoo fulani, mjukuu wa fulani aliyewahi kuwa chifu mdogo upande fulani. Msemaji hugonga meza kwa kidole kimoja. "Hapana anza na babu," husema. "Babu hapana omba kazi. Babu alipata yake, akamaliza, akalala."

Kwa hiyo namtii. Sitasema alizaliwa wapi, wala mababu zake Wanubi walifika Arua, huku kaskazini mwa Uganda, na jeshi gani, ingawa hapa mjini hilo ndilo swali la kwanza, na la pili ni kama umekula. Jina lake pia naliacha, kwa kuwa ni wachache wanaolitumia. Kwa wengi wetu yeye ni Msemaji tu, mtu anayechukuliwa na familia ya kijana kwenda kuongea kwa wakwe. Kwetu muoaji hajiombei mke. Anakaa kimya, anatazama vidole vya miguu yake, na mwingine anamsemea.

Mwaka huu, siku chache baada ya Idi, alikuja nyumbani kwangu Mvara, akaketi kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kuazima ngazi. Alisifu chai ya mke wangu. Alimsifu paka. Alieleza kwa kirefu jinsi barabara ya Koboko ilivyo siku hizi. Nilipokuwa karibu kumuuliza kama anaumwa, alisema kuna mama mmoja Koboko, mjane, anayesuka makawa, vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi ambavyo hakuna nyumba ya Kinubi isiyokuwa navyo. Yeye mwenyewe ni mgane wa miaka mingi.

"Profesa," alisema, maana tangu nipate shahada yangu hajawahi kuniita jina jingine, na mimi sijawahi kuwa profesa. "Nataka wewe unisemee."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kaka wa yule mama alikwisha kuwarudisha wanaume wawili, mmoja akiwa na lori lake. "Hawa wakikataa," alisema, "mimi hapana rudi Koboko tena. Hata kununua kawa tu, hapana." Akainua kikombe, akakuta kimekwisha, akanywa hivyo hivyo.

Nilipewa mpaka Jumapili. Mimi ni mtu wa makala za gazeti, na mtu wa makala akiogopa hukusanya. Nilikaa kukusanya kila ninachojua juu yake, nikipima lipi linafaa kusemwa mbele ya wakwe na lipi libaki Mvara. Haya ndiyo niliyoyapata, na hayakuja kwa mpangilio.

La kwanza ni kwamba hasemi uongo, jambo ambalo kwa kazi yake ni maajabu. Ninao ushahidi wa kuaibisha, kwa sababu ndiye aliyenisemea mimi kule Dadamu, kwa wakwe zangu, watu wa shamba kweli kweli. Baba mkwe aliuliza kama naweza kulima. Ndugu zangu walikuwa wameshaandaa jibu tamu. Msemaji aliwatazama wakwe akasema, "Kulima hajui. Lakini mutu mwingine akilima vizuri, huyu hapana choka kumusifu." Nilitamani ardhi inimeze. Wakwe walicheka mpaka mzee mmoja akaomba maji, na kabla ya jioni nilikuwa nimepata mke. Mpaka leo nikienda Dadamu msimu wa kupanda, wakwe hunipa kiti, hunielekeza upande wa shamba, na kuniambia nianze kusifu.

Hilo niliamua kulisema Koboko.

Watu wa nje hushangaa mtu wa posa aliingiaje kwenye mambo ya usaili, tena usaili wa kazi za maudhui na masoko ya mitandaoni, wakati simu yake mwenyewe ina ufa katikati ya kioo kama mto wa ramani. Ilianza na bwana harusi mmoja ambaye wakwe walimwambia arudi akiwa na kazi. Kazi zilikuwapo. Hoteli za mjini, wauza asali na simsim, mashirika yanayohudumia wakimbizi kule Omugo, wote siku hizi wanataka mtu wa kuendesha kurasa zao, apige picha, aandike maneno, ajibu wateja. Kijana alikuwa ameitwa kwenye usaili na hakulala kwa hofu. Msemaji alimwomba amweleze mambo yanavyokuwa. Kuna watu wanakaa upande mmoja wa meza, alisema kijana. Wana kitu unachokitaka. Wanakuuliza maswali ambayo majibu yake wanayo tayari. Wakimaliza wanakuambia nenda, tutakuita.

"Hiyo ni posa," Msemaji alisema. "Bibi harusi ndiye mshahara."

Kijana akapata kazi, akapata na mke, na habari zikaenea.

Shida kubwa ya vijana wetu, aliigundua mapema, ni kwamba wamelelewa wasijisifu. Mtoto wa watu akijisifu kwetu, wakubwa hutazamana. Sasa mtoto huyo huyo, amehitimu, anaulizwa na jopo ana ubora gani, na anajibu kwa adabu zote alizofundishwa. Kuna msichana wa hapa Mvara aliyeulizwa hivyo akasema, hilo mkawaulize majirani. Alikuwa hatanii. Alikuwa tayari kuwapa namba za simu.

Dawa ya Msemaji ni hii. Anawaweka wawili wawili, hata kama wanaomba kazi ile ile. Mmoja anakaa kimya, macho chini, kama bwana harusi. Mwenzake anamsemea mbele ya jopo: huyu alifanya hiki, ukurasa wa mama fulani ulikuwa umekufa yeye akaufufua, mteja alikuja na hasira akaondoka na mzigo. Kisha wanabadilishana. Mwisho kila mmoja anarudia yale aliyosemewa, ila pale penye "yeye" anaweka "mimi". Hapo ndipo jasho hutoka. Nimeona mwanamume mwenye ndevu akifika kwenye "mimi" akashusha sauti kama mtu anayepita mlango wa anayemdai. Msemaji humwambia, "Hapana sema mimi kama unaiba. Ni yako. Mwenzako amekupa."

Jopo lenyewe ni viti viwili vitupu, kimoja kila upande wake. Kiti cha kushoto ni cha Mkurugenzi, ambaye ana haraka na anasoma simu yake. Cha kulia ni cha Mama wa Fedha, ambaye alitaka kazi apewe mpwa wake. Msemaji huinama kunong'ona na viti hivyo, hukasirika navyo, mara nyingine humwomba kijana radhi kwa niaba ya Mama wa Fedha. Vijana huanza kwa kucheka, na baada ya muda utawaona wakimtazama Mama wa Fedha kwa wasiwasi wa kweli. Nilipoanza kwenda pale aliniomba nikalie kiti cha Mkurugenzi, niwe nimechoka na nisisikilize. Alisema nilifaa bila mazoezi.

Maneno yake mengi yamebaki midomoni mwa watu. Alikuja kijana wa mjini mwenye ukurasa wa wafuasi tele, akawa anauonyesha kama mtu anayeonyesha ng'ombe. Msemaji alitazama akamuuliza, "Kati ya hawa, nani atakuja kwa matanga ya mama yako?" Kijana alipekua kwa muda mrefu. Mwishowe akasema watatu. "Basi sema hao watatu. Sema uliwapata namna gani. Wengine ni upepo." Kijana aliingia kwenye usaili wa hoteli moja akawaeleza watu watatu, kwa majina, mmoja akiwa mwanamke wa Omugo aliyekuja kuomba mapishi na akawa rafiki. Alichukuliwa siku ile ile.

Kwa swali la mteja anayetukana ukurasani, Msemaji huigiza mteja mwenyewe, na hapo kidogo anazidisha. Ana matusi ya asali iliyochakachuliwa ambayo sidhani kama yamewahi kusikika nje ya sokoni. Kisha huuliza ungejibu nini. Vijana hutaka kufuta, kuzuia, kuripoti. Yeye husema mshukuru kwanza kwa kuja. "Mutu ya kutukana amekuja. Shida ni ile hapana kuja."

Hayo yote yalikuwa mazuri kwa Koboko. Lakini picha ya mtu bila makunyanzi ni ya kadi ya mwaliko, kwa hiyo nikaandika na mengine.

Huhubiri ufupi. Video, kwake, isizidi muda wa chai kumiminwa kikombeni. Na huyo huyo hunitumia ujumbe wa sauti ambao maharage huiva kabla hajafika kwenye jambo lenyewe, na jambo lenyewe huwa ni kwamba kesho tusikutane. Huwafokea wanaochelewa, akiwa ndiyo kwanza anafika. Anaamini kwa moyo wote kwamba kitu kisichapishwe mtandaoni ila Ijumaa baada ya swala, kwa kuwa ndipo watu wana nafasi moyoni. Nimejaribu kumweleza kwamba mambo hayako hivyo, nikasoma na makala mbili kujiandaa. Hakubadilika. Kuna hoteli ya walokole hapa mjini ambayo mpaka sasa hutangaza vyakula vyake Ijumaa mchana, na hawajui amri ilitoka wapi.

Na aliwahi kumkosesha mtu kazi. Kampuni moja ya Kampala ilimsaili kijana wa Omugo kwa video. Msemaji alikuwa amemfundisha kwamba huwezi kufika kwa watu ukaanza shida yako kabla ya salamu, na kwamba umsalimie kila mmoja, sio kuwapungia wote kama mwanasiasa. Kijana akafuata. Nyuso zilikuwa nyingi kwenye kioo. Akamuuliza kila mmoja habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Mmoja alikuwa amezima sauti yake, kijana akamsubiri kwa heshima. Mtandao ulikatika wakiwa bado kwenye mvua ya mtu wa mwisho.

Msemaji hakuulaumu mtandao. Alipanda bodaboda mpaka Omugo, akaketi na mama wa yule kijana, akamwambia kosa ni lake. Akarudi na sheria mpya: "Kwa simu, salamu moja kwa wote. Mungu atagawa."

Hilo nililiwekea alama. Mwanamume anayejua njia ya kwenda kuomba radhi, nilidhani, mjane angependa kumsikia.

Sasa niseme juu ya makawa. Msemaji hapokei fedha kwa mafunzo. Watu huleta kitu, sukari, kuku, mihogo. Msichana mmoja wa Kinubi kutoka Koboko, aitwaye Zamzam, alipokuja mara ya kwanza alileta kawa lililosukwa na shangazi yake, jekundu na zambarau. Msemaji aliliweka mezani, na tangu siku hiyo likawa mtihani. Hakuuliza tena masoko ni nini. Alisukuma kawa mbele ya mtu akasema, uza hii. Wengi walisema kawa bora, bei nafuu, wahi sasa. Mama wa Fedha alipiga miayo. Zamzam alipofika zamu yake aliomba chai ya moto, akaifunika kwa lile kawa, akapiga picha ya mvuke ukitoka pembeni, na maneno yake yalikuwa haya tu: kuna mtu hajarudi nyumbani.

Wiki iliyofuata alikwenda Koboko kumshukuru shangazi kwa zawadi, na akarudi na kawa la pili. La kufundishia, alisema. Baadaye kidogo akaenda akarudi na jingine, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wamelizoea lile. Mvua zilipokwisha ukuta wake wa mbele ulikuwa hauonekani. Mimi nina shahada ya fasihi. Nilifundishwa miaka kadhaa kusoma ishara, kilichosemwa na kisichosemwa. Nilisifu mchanganyiko wa rangi. Mke wangu hakuwa ameuona ukuta wenyewe, nilimsimulia tu nikiwa navua viatu, akauliza, "Huyo shangazi iko na bwana?"

Inabaki habari yangu mimi, ambayo nisingeieleza kama isingehitajika. Gazeti nililoliandikia kwa miaka liliamua kwamba halihitaji makala tena, linahitaji maudhui. Kampuni moja ya asali na simsim hapa Arua ikatangaza nafasi ya mtu wa maudhui, na mimi, mwenye miwani ya kusomea na miwani ya kutafutia hiyo ya kusomea, nikaomba. Zamzam naye aliomba. Msemaji akatuweka pamoja.

Kwa majuma nilimsemea Zamzam. Nilijifunza kazi zake kama mtu anavyojifunza njia ya kisimani. Video ya vidole vya shangazi yake vikisuka, bila uso, bila muziki, ni sauti ya majani tu. Mteja wa Kampala aliyemwita mwizi, na jinsi alivyomshukuru kwanza. Nilikuwa mzuri, hata kama nasema mwenyewe. Kwenye zamu ya "mimi" nilikuwa dhaifu, lakini Msemaji alisema siku yenyewe itanifungua.

Siku ikafika. Jopo lilikuwa la watu halisi, na nakumbuka nilitafuta yupi ndiye Mama wa Fedha. Wakaniuliza kwa nini wanichukue mimi na sio wengine waliokuwa wakisubiri nje. Ulimi wangu ulisimama kidogo, ukatazama huku na huku, kisha ukashika njia uliyoijua. Niliwaeleza Zamzam. Niliwaeleza mvuke, vidole, mteja wa Kampala. Mama mmoja wa jopo aliacha kunywa maji, akaanza kuandika. Nilipogundua nilikuwa nimefika mbali mno kurudi, na kusema kweli nilikuwa sehemu nzuri.

Zamzam akapata kazi.

Msemaji alikuja kunipa pole. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa kanzu, akaanza tena alipomwona mke wangu naye anajizuia. "Profesa," alisema alipoweza, "umeshinda usaili ya mutu mwingine." Zamzam, kwa haki yake, hakunisahau. Hunipa habari za wakulima niziandikie ukurasa wa kampuni, na malipo mengine huja kwa chupa za asali, kwa hiyo nyumbani kwetu hatunywi tena chai ya sukari.

Ndiyo maana jioni ile ya paka na barabara nilimuuliza, kati ya watu wote, kwa nini mimi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu hunywa maji. "Wewe wakikuambia jisifu, unasifu mutu mwingine," alisema. "Hiyo ndiyo nataka."

Jumapili tulikwenda Koboko. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka inaweza kusimama bila yeye. Njia nzima alinisaili: watakuuliza hivi, utajibu vipi, hapana shika kidevu, hapana sema "kwa hakika". Tulipokaribia mji akaanza kutazama vidole vya miguu yake.

Tuliketi chumba cha wageni, wanaume wa upande wao wakiwa wamejipanga ukutani. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa na pazia, na nyuma yake wanawake. Kaka wa yule mama ni mtu mkubwa, mpole wa sura, na nilikumbuka kwamba mpole huyu ndiye aliyelirudisha lori. Baada ya salamu, ambazo hapo tulizitoa kwa kila mmoja, akasema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu mimi Mlugbara nisiyejua Kinubi, kwamba niwaeleze mtu wangu.

Nikawaeleza. Nilianza na Dadamu, nikaeleza jembe na sifa. Nikaja Omugo na salamu za video. Nilisahau kidevu, nilisema "kwa hakika" zaidi ya inavyofaa. Mzee mmoja karibu na mlango, aliyekuwa akisikiliza akiwa amefumba macho, akafungua moja.

"Na babu yake nani?"

Lilikuwa swali halali kabisa. Mbele ya wakwe ndilo swali. Lakini nilikuwa nimekaa kiti cha Mkurugenzi muda mrefu mno.

"Babu hapana oa, mzee," nikasema.

Kando yangu vidole vya miguu ya Msemaji, ambavyo alikuwa akivitazama kama desturi inavyotaka, viliacha kucheza. Nilijua nimemmaliza mtu. Nilikuwa nikitafuta namna ya kulivuta lile neno lirudi, ndipo nyuma ya pazia mwanamke mmoja akacheka, kisha wengine, na katikati ya vicheko nikatambua cha Zamzam. Mzee wa mlangoni alifumba jicho lake tena. Sikujua kama ni msamaha au usingizi.

"Baba Mkubwa," sauti ya Zamzam ikasema, "tunaomba kuuliza moja."

Kaka alisita, akaruhusu.

"Udhaifu yake mkubwa ni nini? Na hapana sema anafanya kazi sana."

Hilo lilikuwa swali lake Msemaji mwenyewe. Ndilo aliloliuliza kila mtu aliyepita mezani kwake, na aliyejibu kwamba udhaifu wake ni kupenda kazi kupita kiasi alitolewa nje akafikirie upya. Udhaifu uwe wa kweli, alifundisha, na awepo mtu aliyeuona. Nilimtazama. Macho yake yalikuwa chini, kwenye vidole vya miguu, na masikio yamekuwa mekundu kadiri masikio yetu yanavyoweza.

"Ni moja," nikasema. "Anaweza kusemea kila mutu. Yeye mwenyewe, hapana. Amekuja kwa mlango hii wakati wa jua na wakati wa mvua, akanunua kawa, akaenda. Kama mimi hapana kuja leo, angenunua ingine."

Safari hii wanawake hawakucheka. Kisha ikasikika sauti ambayo sikuwa nimeisikia, ya chini, isiyo na haraka.

"Kawa alisema ni ya kufundisha."

"Ni kweli, mama," nikasema. "Ile ya kwanza."

Pazia lilitikisika kidogo, kama mtu aliyelishika amebadilisha mkono.

"Basi aseme yeye. Neno moja tu."

Kaka alisema hiyo si desturi. Alilisema bila ukali, akaeleza kwamba muoaji hasemi, ndiyo maana pana mtu wa kusema. Akasubiri, akarudia kwa ufupi zaidi, kisha akashusha pumzi ya mtu aliyekua na dada huyo, akamgeukia Msemaji, akamfungulia kiganja: haya.

Msemaji aliinua uso. Mtu ambaye nusu ya ndoa za mji huu zimepita kinywani mwake alikaa pale kama yule msichana wa Mvara aliyeulizwa ubora wake, na mimi nikaanza kumtafutia neno, nikijua siruhusiwi kumpa. Kidole chake kiligonga goti.

"Mimi," alisema, akasimama hapo, kama mtu anayeiba. Akaanza tena.

"Mimi nyumbani iko na kawa mingi. Chakula ya kufunika hapana iko."

Kaka alitazama dari. Mzee wa mlangoni, macho yamefumbwa, aliitikia kwa kichwa polepole, na ndani nikasikia vyombo vikigongana na mtu akinong'ona, kisha nyayo.

Pazia likafunguka, yule mama akatoka mwenyewe na sinia. Hakumtazama yeyote. Alipita wanaume wote, akapita na mimi niliyesema kwa muda mrefu na koo limekauka, akaliweka sinia mbele ya Msemaji. Lilikuwa limefunikwa kwa kawa la kijani na manjano, rangi ambazo hazikuwa kwenye ukuta wake.

Mkono wa Msemaji, kwa mazoea, ukaingia mfuko wa kanzu.

"Hapana," alisema yule mama, akaliinua kawa, mvuke ukatoka. "Hii hapana ya kuuza."